Mvivu na Mnyofu: Namna ya Kusoma Mithali za Uvivu na Kuzitendea Kazi

Mistari ya Biblia inayohusu uvivu ina bahati mbaya moja: wanaoijua kwa moyo ni wale wanaotaka kumsema mwingine. Baba humsomea kijana aliyelala mpaka jua limepanda. Bosi huibandika ukutani, juu ya daftari la mahudhurio. Ni wachache wanaoifungua wakiwa peke yao, kalamu mkononi, ili wajipime. Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuwa miongoni mwa hao wachache.

Utahitaji Biblia (tafsiri mbili ni bora kuliko moja, kwa mfano ile ya Union na ile ya Habari Njema), daftari, na wiki kadhaa za utulivu. Kiebrania huhitaji.

Kwanza, kwa nini

Mithali ina sura 31, na ndani yake mvivu ni mhusika kamili kama Abunuwasi wa hadithi zetu. Ana kitanda, ana bakuli, ana shamba, ana visingizio. Wenye hekima wa Israeli walimcheka sana, na ukisoma haraka utadhani walitaka tu watu watoke jasho zaidi.

Simama kwenye Mithali 15:19. Pale kuna njia mbili. Ya mvivu imezibwa na miiba kama ua wa michongoma. Ya pili imesawazishwa, mtu anapita bila kujikwaa. Upande huo wa pili ungetarajia kumkuta mchapakazi. Hayupo. Aliyepo ni mnyofu, mtu wa haki.

Kwa watu hawa, basi, uvivu haukupimwa kwa jasho peke yake. Ulikuwa aina ya kutokuwa mwaminifu: kwa msimu, kwa aliyekutuma, kwa ukuta uliourithi kwa baba yako, kwa maskini ambaye angeokota masazo shambani mwako laiti ungelima. Ndiyo maana mtu anaweza kuhangaika toka alfajiri hadi usiku na bado akawa upande wa miiba. Mithali 12:11 na 28:19 zinamsema mtu anayeacha ardhi yake na kukimbilia mambo ya upuuzi. Angalia vizuri: huyo hajalala. Anakimbia.

> ONYO KABLA HUJAANZA
>
> Usimsomee mistari hii mtu mwingine mpaka umemaliza hatua zote 5 juu yako mwenyewe.
>
> Soma kwanza Kutoka 5. Waebrania waliomba ruhusa ya kwenda safari ya siku 3 jangwani wakamtolee Mungu dhabihu. Farao akasema kwamba ni wavivu. Akawanyima majani ya kuchanganyia udongo, akadai idadi ileile ya matofali, na wasimamizi wao walipolalamika akalirudia shtaka hilo. Neno "mvivu" linaweza kutoka kinywani mwa mnyonyaji, na Torati imeliweka hilo wazi.
>
> Na kama wewe mwenyewe umechoka kwa wiki 2 au zaidi, usingizi umeharibika, hamu ya vitu ulivyovipenda imekwisha, au mwili hauna nguvu bila sababu, usianze na daftari. Nenda kituo cha afya. Sonona, upungufu wa damu, kisukari na maradhi mengine huja na uchovu unaofanana na uvivu kwa mtazamaji wa nje, na mara nyingi hata kwa mgonjwa mwenyewe.

Hatua ya 1: Isome yote pamoja

Mstari mmoja uliokatwa peke yake hudanganya. Tenga jioni moja, usome mfululizo huu bila kuandika chochote:

> MAHALI PA KUSOMA
>
> Mithali 6:6–11, 10:4–5 na 26, 12:11, 24 na 27, 13:4, 15:19, 18:9, 19:15 na 24, 20:4 na 13, 21:25–26, 22:13, 24:30–34, 26:13–16, 28:19, 31:27.
>
> Halafu Mhubiri 4:5–6, 10:18, 11:4–6.

Utaona baadhi zinajirudia karibu neno kwa neno: 6:10–11 na 24:33–34, 19:24 na 26:15, 22:13 na 26:13. Usishangae. Mithali ni makusanyo kadhaa yaliyounganishwa, na kitabu chenyewe kinasema hivyo: 25:1 inataja watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, walionakili mithali za Sulemani. Methali iliyopendwa iliingia katika zaidi ya mkusanyo mmoja.

Siku ya pili isome tena, sasa na kalamu. Kila mstari unaomtaja mvivu, andika anawekwa dhidi ya nani. Wakati mwingine ni mwenye bidii (12:24, 13:4). Mwingine ni mnyofu (15:19). Katika 21:25–26 mvivu anauawa na tamaa yake mwenyewe kwa kuwa mikono yake imekataa kazi, na anayefuata baada yake ni mwenye haki, ambaye anatoa wala hazuii. Kaa hapo kidogo. Kinyume cha uvivu katika mstari huo ni ukarimu. Nani kati yetu angeufikiria mtihani huo?

Hatua ya 2: Andika majina ya wanaokungoja

Mithali 10:26 inamtazama mvivu kwa macho ya wale waliomtuma. Kwao yeye ni siki kwenye meno na moshi machoni. Hapa hatuambiwi kama mjumbe huyo alilala au alikuwa akizurura. Tunachoambiwa ni kwamba kuna watu mahali fulani, wanangoja, na macho yanawawasha.

Kwa hiyo usiandike orodha ya kazi. Andika orodha ya watu.

1. Chora mstari katikati ya ukurasa.
2. Kushoto andika kila mtu anayengoja kitu kutoka kwako hivi sasa: fundi unayemdai mlango na yeye anakudai salio, mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe, ndugu uliyemwahidi kumpigia simu, jirani uliyeazima ngazi yake.
3. Kulia andika anachongoja, kwa maneno machache.
4. Weka alama mbele ya kila ambaye ukimya wako unamgharimu pesa, usingizi au heshima.
5. Anza na wenye alama. Kama huwezi kuwapa wanachongoja, wape habari leo. Moshi hupungua sana mtu akijua mjumbe yuko wapi.

Wengi wakimaliza ukurasa huu hugundua kwamba sehemu ya uvivu wao ilikuwa imejificha ndani ya shughuli nyingi. Mithali 18:9 inamwita mlegevu kazini ndugu wa mharibifu. Hilo linaonekana kali mpaka uwe wewe ndiye uliyenunua dirisha lililofungwa na fundi mlegevu, na mvua ikanyesha.

Hatua ya 3: Tafuta uvivu wako uko sehemu gani ya kazi

Hakuna mtu mvivu mahali pote. Ukiipanga mistari uliyoisoma utakuta inagusa sehemu 3 tofauti za kazi, na kila moja ina dawa yake. Jitafute.

*A. Kutoanza.* Mithali 20:4 inasimulia habari ya mtu asiyelima wakati wa baridi, kisha siku ya mavuno anatafuta na hapati kitu. Ili uuelewe mstari huu lazima uijue nchi yenyewe. Katika nchi ya Israeli mvua za kwanza huanza karibu Oktoba na Novemba, baada ya miezi mirefu ya kiangazi. Ardhi iliyokuwa ngumu hulainika. Hapo ndipo plau inapoingia, katika baridi na matope. Shayiri huvunwa kuanzia Aprili, ngano Mei na Juni. Aliyejikunyata ndani siku za plau hapati nafasi ya pili mwaka huo.

Tunacho kibao kinachoonyesha jinsi watu wale walivyoufikiri mwaka. Mwaka 1908 mwanaakiolojia R. A. S. Macalister alikipata huko Gezeri, kati ya Yerusalemu na pwani: jiwe dogo la chokaa, linaloenea kiganjani, la karne ya 10 hivi kabla ya Kristo. Leo limehifadhiwa Istanbul, kwa kuwa nchi ile ilikuwa chini ya dola la Waosmani lilipochimbuliwa. Mwandishi wake ameugawa mwaka kwa kazi: miezi 2 ya kukusanya, miezi 2 ya kupanda, miezi 2 ya upanzi wa baadaye, mwezi wa kitani, mwezi wa shayiri, mwezi wa kuvuna na kupima, miezi 2 ya mizabibu, mwezi wa matunda ya kiangazi. Mwezi unaitwa kwa kazi yake. Ukiwa umekua ukihesabu miezi namna hiyo, kulala siku za plau kunakuwa kosa la aina tofauti kabisa na kulala siku nyingine.

Chukua daftari, ufanye hivi:

1. Andika kazi zako kubwa za mwaka huu, zisizidi 5.
2. Mbele ya kila moja andika tarehe ambayo, ikipita, bidii haitasaidia tena. Siku ya mwisho ya maombi ya chuo, mvua ya kwanza, mwezi wa 7 wa ujauzito, mwisho wa mkataba wa nyumba.
3. Rudi nyuma utafute "baridi" yake: ni kipindi gani kisichopendeza ambamo kazi ya msingi ilipaswa kufanyika?
4. Kama baridi hiyo ni sasa, weka saa na siku. Usiandike "wiki hii."

Kizuizi cha kuanza mara nyingi ni simba. Katika 22:13 na 26:13 mvivu anasema kuna simba nje, atauawa njiani. Wasomaji wa leo hucheka kwa kudhani simba ni upuuzi mtupu. Hapana. Simba walikuwepo: Samsoni na Daudi walikutana nao, na Yeremia 49:19 inamtaja akipanda kutoka vichaka vya Yordani. Kisingizio kizuri hujengwa juu ya kitu cha kweli, na ndiyo maana kinamdanganya kwanza mwenye nacho. Mhubiri 11:4 ina ndugu yake: mkulima anayechungulia upepo na mawingu mpaka msimu unaisha.

> MPIME SIMBA WAKO
>
> ☐ Umemwona wewe mwenyewe, au umesikia tu kwamba yupo?
> ☐ Kuna mtu mwenye hali kama yako aliyepita njia hiyo mwezi huu? Alipitaje?
> ☐ Ukiamini yupo kweli, umechukua hatua gani juu yake? Anayemwogopa simba wa kweli hutafuta mkuki au njia nyingine. Hajifuniki shuka.
> ☐ Simba huyu anatokea kwenye kazi zote, au kwenye hii unayoichukia tu?

Simba akifaulu maswali hayo, heshimu hofu yako. Wapo wa kweli: mkopo wenye riba ya kuua, barabara isiyo salama kwa mwanamke usiku. Hekima ya Mithali haikutumi ukaliwe.

*B. Kutomaliza.* Huu ndio uvivu wa watu wenye akili na vipaji, na nadhani ndio wa kawaida zaidi katika ofisi zetu. Mithali 12:27 ina mtu aliyewinda akapata, lakini hamchomi mnyama wake. Mithali 19:24 ina aliyekwisha kutia mkono kwenye bakuli, ila kuurudisha kinywani kunamchosha. Kazi ngumu imekwisha! Kilichobaki ni kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachooza.

Orodhesha vitu ulivyofikisha karibu na mwisho: fomu iliyojazwa haijapelekwa, shati lililokatwa halijashonwa vifungo, barua iliyoandikwa haijatumwa, ugomvi uliopatanishwa nusu. Chagua 3. Usianze kitu chochote kipya mpaka hivyo 3 vimefika kinywani. Kanuni hii inaudhi, ishike hivyohivyo.

*C. Kutotunza.* Mithali 24:30–34 ni picha ndefu. Msemaji anapita kando ya shamba na mizabibu ya mtu mvivu. Miiba imeota kila mahali, magugu yamefunika udongo, ukuta wa mawe umeanguka. Katika milima ya Yuda mawe ya kujengea kuta hizo yaliondolewa shambani humohumo, na ukuta ulizuia wanyama wasiingie kwenye zabibu. Hauanguki siku moja. Linatoka jiwe moja, halirudishwi.

Mhubiri 10:18 inasema vivyo hivyo juu ya paa. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa bapa la boriti, matawi na udongo, na udongo ulihitaji kushindiliwa mara kwa mara, hasa mvua zikianza. Vijiji vingi vya Palestina viliendelea na ujenzi huo hadi karne ya 20, na rola la jiwe lilikaa juu ya paa, tayari kwa kazi. Asiyepanda kulisukuma alivujiwa.

Fanya kama msemaji wa sura ya 24, lakini kwenye mali yako: pita taratibu, tazama, usirekebishe kitu kwa sasa. Nyumba, madeni, makaratasi, meno yako, ndoa yako. Andika kila jiwe lililotoka. Kisha kila Jumamosi rudisha moja.

Na uangalie alichofanya msemaji yule baada ya kutazama. Hakugonga mlango wa mwenye shamba kumpa mawaidha. Aliweka moyoni akajifunza mwenyewe.

Hatua ya 4: Wiki moja bila msimamizi

Mithali 6:6–8 inamtuma mvivu kwa chungu. Watu hukumbuka kwamba chungu anafanya kazi sana, wakasahau mstari wa katikati: hana mkuu, wala msimamizi, wala mtawala. Anakusanya chakula chake wakati wa mavuno bila kusukumwa.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya kaskazini walitilia shaka kwamba chungu hukusanya nafaka, kwa sababu wa kwao hawafanyi hivyo. Ndipo John Traherne Moggridge akawachunguza chungu wavunaji huko Menton, kusini mwa Ufaransa, akakuta ghala zao zimejaa mbegu, na mwaka 1873 akachapisha aliyoyaona. Mkulima wa Israeli hakuhitaji kitabu hicho. Aliwaona kwenye kiwanja chake cha kupuria. Watafsiri wa Kiyunani wa zamani nao, walipofika hapo, walimwongeza nyuki baada ya chungu. Yaelekea mmoja hakuwatosha.

Zoezi lenyewe:

1. Chagua kazi moja ambayo hakuna atakayejua kama hukuifanya.
2. Ifanye kila siku kwa siku 6, saa ileile.
3. Usimwambie mtu. Usiipige picha.
4. Siku ya 7, andika ni siku ipi ilikuwa ngumu na ulijiambia nini.

Likikushinda mara ya kwanza, punguza ukubwa wa kazi, usibadilishe saa.

Hatua ya 5: Weka mahali pa kukomea

Wengi huiruka hatua hii, kisha ndani ya miezi michache wanarudi kitandani wakiwa wamechoka kweli. Kutoka 34:21 inaamuru kupumzika siku ya 7, na inataja waziwazi kwamba ni hata wakati wa kulima na wakati wa mavuno. Yaani siku zilezile ambazo Mithali inazilinda kwa ukali, Torati inazikata kwa Sabato. Zaburi 127:2 inamwona anayeamka mapema mno na kuchelewa kulala kuwa anajisumbua bure. Mhubiri 4 naye anaweka pande mbili bega kwa bega: mpumbavu aliyekunja mikono anajila mwenyewe, lakini konzi moja yenye utulivu inashinda konzi mbili za taabu.

Panga siku moja ya wiki na saa moja ya jioni ambayo baada yake kazi inafungwa. Waambie wanaokungoja (ile orodha ya hatua ya 2) kwamba saa hiyo hupatikani. Anayefanya kazi ya zamu ya usiku, au mlinzi, achague siku inayomfaa. Kinachotakiwa ni ukomo unaojulikana.

Makosa ya kawaida

*Kutia maneno ambayo hayamo.* "Mungu alisema jisaidie nikusaidie." Litafute, hulipati popote katika Biblia. Asiyefanya kazi na asile? Hilo linatokana na barua ya Paulo kwa Wathesalonike, iliyoandikwa kwa Kiyunani karne nyingi baadaye, na linamsema asiyetaka kufanya kazi. Aliyeikosa kazi ni habari nyingine.

*Kuigeuza methali kuwa hesabu.* Mithali 10:4 inasema mkono mlegevu huleta umaskini. Haisemi kila maskini ana mkono mlegevu. Kitabu hichohicho, 13:23, kinajua shamba la maskini lenye chakula tele linaloporwa na dhuluma. Na 26:4–5 zimewekwa pamoja zikishauri mambo mawili yanayopingana kuhusu kumjibu mpumbavu, ili msomaji ajue kwamba kuchagua methali ya wakati wake ni kazi yake mwenyewe. Rafiki zake Ayubu walisema mengi yanayofanana na Mithali. Waliyasema kwa mtu asiyestahili kuambiwa, na katika Ayubu 42:7 Mungu anawakasirikia.

*Kumpima mke kwa Mithali 31.* Mwanamke yule ana mashamba, biashara ya nguo na wajakazi. Shairi lake lina mistari 22, kila mmoja ukianza na herufi inayofuata ya alfabeti ya Kiebrania. Ni sifa zilizopangwa toka mwanzo hadi mwisho wa alfabeti, wala si ratiba ya siku ya mtu. Katika nyumba nyingi za Kiyahudi shairi hilo huimbwa mezani Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, kumsifu mama wa nyumba. Mume anayelitumia kudai chai ya saa 11 alfajiri ameshika kitabu kichwa chini.

*Kudhani haraka ni bidii.* Mithali 28:20 inamtilia shaka mwenye pupa ya kutajirika, na 23:4 inashauri usijichoshe kwa ajili ya utajiri. Upatu unaoahidi kuzidisha fedha kwa mwezi, na mkeka wa kubeti unaoujaza hadi usiku wa manane, vina jasho lake. Virudishe kwenye 12:11.

*Mwajiri kusoma upande mmoja.* Kabla hujamsomea kibarua 10:4, soma Kumbukumbu la Torati 24:14–15 na Walawi 19:13. Ujira wa siku hulipwa kabla jua halijazama.

Ukitaka kumsaidia mtu mwingine

Sasa, baada ya hatua 5, huenda kuna mtu nyumbani ambaye kweli amelegea: kijana mzima, hana ugonjwa, hana kazi, hatafuti. Usianze na Mithali. Anza na Ruthu sura ya 2.

Walawi 19:9–10 iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wala wasirudie masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Msaada huo unalala ardhini, na anayeuhitaji anakuja kuuokota kwa mkono wake. Katika Ruthu 2, Boazi mwenye shamba alikwenda mbali zaidi. Aliwaambia vijana wake wamwangushie Ruthu masuke makusudi, na wasimkemee. Ruthu aliokota hadi jioni, akapura, akapata kama efa moja ya shayiri, yaani zaidi kidogo ya debe. Alirudi nyumbani na kitu alichokibeba mwenyewe, na hakuna aliyemwona kama ombaomba.

Kwa kijana wako:

1. Ongea naye peke yake, mchana, mkiwa mmeshiba. Si mbele ya wageni.
2. Muulize kwanza juu ya simba wake, usikilize mpaka mwisho. Huenda ni simba kweli: cheti kilichozuiliwa kwa ada, aibu ya kufukuzwa, deni ambalo hujui.
3. Mpe shamba lenye mpaka: kazi moja, mahali pamoja, mwisho unaojulikana. "Saidia nyumbani" haina mpaka. "Kuku hawa 20, chakula na mayai, hadi Pasaka" ina mpaka.
4. Mwangushie masuke: nauli, zana, utangulizi kwa mtu mnayemfahamu. Usimmalizie kazi.
5. Mapato yawe yake, au sehemu inayojulikana iwe yake, na ilipwe siku mliyokubaliana.
6. Akianguka, rudini kwenye namba 2.

Kwa kikundi cha jumuiya au familia

Jioni 4 zinatosha, saa moja kila jioni, watu wasizidi 12. Ya kwanza: Kutoka 5 pamoja na Mithali 10:26, na kila mtu anaondoka na orodha yake ya watu, asiisome kwa sauti. Ya pili: Mithali 20:4 na 24:30–34, hapa ruhusu mzee anayejua kilimo aongoze, atayaona mengi kuliko mwalimu. Ya tatu: Kutoka 34:21 na Mhubiri 4, na kila mtu ataje saa yake ya kufunga kazi. Ya nne: Ruthu 2 yote, isomwe na wasomaji watatu, mmoja akiwa Ruthu, mwingine Boazi, wa tatu msimulizi. Asiyejua kusoma apewe sehemu ya vijana wa Boazi. Afundishwe maneno yao mapema, siku moja kabla, ili asiaibike.